CT safi, sikio linaloziba: kisa cha mtoto wa Mtwara aliyepoteza usikivu baada ya homa ya uti wa mgongo

Kisa hiki kimeandikwa kwa ridhaa ya wazazi. Jina la mtoto, kijiji, hospitali zote na tarehe vimeondolewa, na mambo machache ya familia yamebadilishwa pale ambapo hayagusi tiba. Mtoto tutamwita Z. Nimekiandika kwa ajili ya wenzangu wa kliniki za masikio, wodi za watoto na vyumba vya CT (picha za mionzi za vipande vipande) huku Kusini, kwa sababu kosa lililokaribia kumgharimu Z sikio lake ni kosa ambalo mtu makini kabisa anaweza kulifanya: kusoma ripoti iliyo sahihi kana kwamba imejibu swali ambalo halikuulizwa.

Usuli

Z ni mtoto wa kike. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane alipougua. Wazazi wake ni wakulima wa korosho kwenye uwanda wa Makonde, na nyumbani wanaishi na bibi mzaa mama. Kabla ya kuugua alikuwa anatembea vizuri na ana maneno kadhaa, mengine ya Kimakonde, mengine ya Kiswahili. Kadi yake ya kliniki ilionyesha dozi mbili za chanjo ya nimonia. Ya tatu haikuandikwa. Chanjo hiyo imo kwenye ratiba ya taifa tangu 2013, na kidudu inachokilenga ndicho kinachojulikana zaidi kwa kuacha uziwi baada ya homa ya uti wa mgongo.

Ili kisa kieleweke, inabidi nieleze kidogo sikio la ndani. Koklea, sehemu ya sikio la ndani inayopokea sauti, imejikunja kama gamba la konokono, mizunguko miwili na nusu hivi, ndani ya mfupa ulio mgumu kuliko karibu mifupa yote ya mwili. Upana wake chini ni kama milimita 9, kimo chake kama milimita 5, na ukubwa huo mtoto anazaliwa nao: koklea haikui tena. Ndani yake mna vijia vitatu vilivyojaa majimaji. Sauti nyembamba husikika kwenye msingi, sauti nzito kwenye ncha. Kipandikizi cha koklea, kifaa cha kusikia kinachowekwa kwa upasuaji, kina waya laini wenye ncha ndogo za umeme, yaani elektrodi, 12 hadi 22 kutegemea aina, unaoingizwa kwenye kijia cha chini kupitia dirisha la mviringo, tundu dogo lenye utando kwenye msingi wa koklea, au kando yake, ili umeme uamshe mshipa wa fahamu wa usikivu moja kwa moja, bila kutegemea seli za usikivu zilizokufa.

Kwa hiyo daktari wa upasuaji anataka kujua mambo matatu kabla ya kushika kisu. Je, njia ya kufika ipo, na mshipa wa fahamu wa uso umepita wapi? Je, kijia bado kina majimaji, yaani kuna nafasi ya waya kupita? Na je, mshipa wa fahamu wa usikivu upo? Swali la kwanza hujibiwa na CT. La pili na la tatu, kwa mtoto aliyetoka kuugua, hujibiwa na MRI, picha inayotumia sumaku badala ya mionzi.

Homa ya uti wa mgongo huingia sikioni kupitia mfereji mwembamba unaounganisha majimaji ya ubongo na yale ya koklea. Mfereji huo hufungukia kwenye msingi wa kijia cha chini, jirani kabisa na dirisha la mviringo. Yaani ugonjwa unaingilia pale pale ambapo daktari atataka kupita. Baada ya uvimbe, mwili hujaza eneo hilo kwa tishu za nyuzi, na baadaye nyuzi hizo hugeuka mfupa. Kwa baadhi ya watoto safari hiyo huanza ndani ya wiki chache.

Mfuatano wa matukio

Z alipata homa kali, kutapika na degedege. Alilazwa, akachukuliwa maji ya uti wa mgongo, akapewa dawa za sindano kwa siku 14. Maji yalionyesha usaha lakini hakikuota kitu maabara; alikuwa ameshapewa antibayotiki kabla ya kufika. Aliruhusiwa akiwa hai, anakula, hana homa. Kwa ugonjwa huu hilo ni jambo kubwa na wodi iliyomtibu inastahili sifa yake. Kipimo cha usikivu hakikufanyika, na hakuna aliyewaambia wazazi wakitafute.

Nyumbani mambo mawili yalionekana. La kwanza, Z aliacha kutembea. Alirudi kutambaa, na akisimama alishika ukuta. Kila mtu alisema ni udhaifu wa ugonjwa. La pili, haitiki akiitwa. Mama alilisema hili kliniki wiki ya tano baada ya kuugua, akajibiwa kwamba mtoto bado mchovu, asubiri.

Bibi ndiye aliyewachanganya, kwa nia njema kabisa. Alisema, "Kinu anakisikia. Nikitwanga anageuka." Na kweli, Z akiwa amekaa chini uani, mchi ukigonga kinu, aligeuka kila mara. Mama hakuridhika. Aliwaleta kwetu wiki ya saba.

Kliniki tulimwamkia bibi na kumwomba arudie jaribio lake kwa namna nyingine. Z akapakatwa na mama kwenye kiti, miguu haigusi sakafu, na mwenzangu akapiga sufuria kwa nguvu nyuma ya mgongo wa mama. Hakugeuka, hakupepesa. Tukamshusha sakafuni na kukanyaga kwa kishindo: akageuka. Bibi alielewa kabla hatujaeleza. Mtoto alikuwa anahisi mtikisiko wa ardhi kupitia miguu na makalio, siyo sauti.

Masikio ya nje na viwambo vilikuwa safi. Kipimo cha OAE, kile kinachopeleka sauti sikioni na kusikiliza mwangwi mdogo unaorudishwa na seli za koklea, hakikupata kitu pande zote mbili. Mwanga wa jicho, shingo na misuli vilikuwa sawa, kwa hiyo kushindwa kutembea hakukuelezeka kwa udhaifu. Viungo vya usawa wa mwili viko kwenye sikio la ndani hilohilo. Mtoto anayepoteza hatua zake baada ya homa ya uti wa mgongo anatuambia kwamba sikio la ndani limeguswa, hata kama hajui kusema.

Uamuzi wa kwanza: picha mara moja

Kwa mtoto wa kawaida aliyezaliwa kiziwi, utaratibu ni kumvisha vifaa vya kusikia kwa miezi kadhaa, kupima anafaidika kiasi gani, ndipo kipandikizi kifikiriwe. Kwa Z tuliamua kutofuata ratiba hiyo. Vifaa alivishwa, ndiyo, lakini rufaa na picha vikaanza wiki ileile, kwa sababu koklea inayoziba haisubiri majaribio.

CT ilipatikana mkoani. MRI inayofaa kwa sikio la ndani, pamoja na dawa ya usingizi kwa mtoto mdogo, ilimaanisha Dar es Salaam. Tukaanza na CT.

Karatasi ya maombi ilipopita mikononi mwa watu wawili ikafika chumba cha picha ikisema tu "CT ya kichwa". Picha ikapigwa, ikachapwa kwenye filamu kwa vipande vya unene wa milimita 5. Ripoti ilisema ubongo uko salama, hakuna maji yaliyojaa, na mifupa ya masikio haina kasoro. Kwa swali lililoandikwa, hilo lilikuwa jibu zuri. Lakini tazama vipimo: koklea ina kimo cha milimita 5. Koklea nzima ingeweza kumezwa na kipande kimoja cha filamu ile. Hakuna mtu, awe bingwa namna gani, anayeweza kusoma mizunguko miwili na nusu ndani ya kipande kimoja.

Hapa ndipo kitu kidogo kiliokoa siku. Mtaalamu wa mionzi alipigiwa simu jioni ileile na kuulizwa kama data ghafi bado iko kwenye kompyuta ya mashine. Mashine nyingi za kisasa huchukua taarifa kwa unene mdogo sana hata kama filamu inachapwa kwa vipande vinene. Data hiyo ghafi hukaa siku chache, kisha mashine huifuta yenyewe kupisha wagonjwa wapya. Ilikuwepo. Akakaa baada ya zamu, akaunda upya picha za kila sikio peke yake kwa unene wa milimita 0.6, kwa kichujio cha mfupa, yaani mpangilio wa kompyuta unaonoa kingo za mfupa, akaziandika zote kwenye CD. Z hakulazimika kulazwa tena usingizi wala kupigwa mionzi mara ya pili.

Watu wengi wanadhani picha ya pande tatu inatoka kwenye mashine maalumu. Hapana, kompyuta inaijenga kutoka kwenye vipande vyembamba. Ukiwa na faili zenyewe, unaweza kugeuza mkato hadi mzunguko wote wa msingi wa koklea ukae kwenye picha moja, ukapima kipenyo chake, ukakadiria urefu wa njia ya waya, ukafuata mshipa wa fahamu wa uso kutoka mwanzo hadi unapotokea. Ukiwa na filamu ukutani, huwezi kugeuza chochote.

Uamuzi wa pili: kutotosheka na CT safi

CD ilifika kwa timu ya upandikizaji Dar es Salaam wiki ya tisa. Tangu 2017 upasuaji huu unafanyika nchini, Muhimbili ikiwa ya kwanza. Kabla ya hapo watoto walipelekwa nje, wengi India. Timu ilijenga picha ya pande tatu: koklea kamili pande zote, kipenyo cha msingi milimita 9 na ushei, madirisha ya mviringo yanaonekana, mshipa wa uso unapita mahali pake. Mfupa mpya haukuonekana popote. Kwa macho ya CT, masikio yote mawili yalikuwa tayari kupokea waya.

Mjadala uliofuata ndio kiini cha kisa hiki. Kwa CT ile, ilionekana hakuna dharura: familia ingeweza kwenda kutafuta fedha mpaka minada ya korosho ya Oktoba, miezi mingi mbele. Hoja ya upande wetu ilikuwa kwamba CT inaona mfupa tu. Tishu za nyuzi na majimaji kwenye CT vina rangi ya kijivu ileile. Koklea iliyojaa nyuzi na koklea iliyojaa maji zinafanana kabisa mpaka siku nyuzi zitakapokuwa mfupa, na siku hiyo umeshachelewa. Daktari bingwa wa radiolojia alikubaliana nasi na kuongeza jambo ambalo nisingeliona mwenyewe: mfereji wa mlalo, mmoja wa mifereji ya usawa wa mwili katika sikio la ndani, upande wa kulia ulikuwa na kingo zisizo kali sana. Mfereji huo mara nyingi hutangulia kuonyesha kile kitakachoikuta koklea.

MRI ikaombwa kwa haraka. Haraka yenyewe ikakutana na masika. Barabara ya Lindi kwenda Dar ilikatika, mabasi yakalala njiani, na familia ikarudi nyumbani na kuanza upya. Nauli ya pili ilitoka kwenye michango ya majirani. MRI ilifanyika wiki ya 12.

Kwenye picha za MRI za pande tatu, zinazofanya majimaji yang'ae meupe, upande wa kushoto koklea iling'aa katikati na kwenye ncha, lakini mwanzo wa mzunguko wa msingi ulikuwa umefifia kwa kipande kifupi. Upande wa kulia mzunguko wa msingi ulikuwa karibu mweusi wote, na mfereji wa mlalo haukuonekana kabisa. Mkato wa kukata mfereji wa mishipa ulionyesha vitone vinne pande zote mbili: mshipa wa uso, miwili ya usawa, na wa usikivu. Mishipa ilikuwepo. Nafasi ndiyo iliyokuwa inaisha.

Uamuzi wa tatu: sikio lipi

Kwa watoto wa namna hii, ushauri wa kitaalamu ni kupandikiza masikio yote mawili kwa mara moja, kabla mlango haujafungwa. Fedha, hata baada ya ustawi wa jamii na mfadhili mmoja kusaidia, zilitosha kifaa kimoja.

Kuna hoja ya kuanza na sikio baya: ndilo linalofunga haraka, zuri litasubiri. Hoja hiyo ina nguvu pale kifaa cha pili kinapokuwa na uhakika. Hapa hakikuwa na uhakika. Timu iliamua kushoto, na mimi naamini ilikuwa sahihi. Mtoto mwenye kifaa kimoja tu anahitaji kifaa hicho kiingie chote au karibu chote, na kushoto ndiko kulikokuwa na nafasi hiyo. Kwa sababu MRI ilionyesha kizuizi kifupi mwanzoni, waliagiza waya wa urefu wa wastani usio laini kupita kiasi, pamoja na waya wa majaribio wa kupimia kina kabla ya kile halisi. Bila MRI wangeingia chumba cha upasuaji na waya mrefu laini, na wangegundua kizuizi mtoto akiwa amelala mezani.

Matokeo

Upasuaji ulifanyika wiki ya 14. Dirisha la mviringo lilipofunguliwa, majimaji hayakutoka. Kulikuwa na tishu nyeupe ya nyuzi. Daktari aliiondoa kwa kusonga mbele milimita chache kwenye mzunguko wa msingi mpaka akafika kwenye nafasi wazi. Waya wa majaribio ukapita, kisha waya halisi. Elektrodi mbili za nyuma zilibaki nje ya koklea, zilizobaki ziliingia. Eksirei iliyopigwa mtoto akiwa bado mezani ilionyesha waya umejikunja inavyotakiwa, ncha haijageuka.

Kifaa kiliwashwa mwezi mmoja baadaye. Z alinyamaza, akamtazama mama, kisha akalia. Miezi ya kwanza ilikuwa migumu zaidi ya upasuaji wenyewe: kurekebisha kifaa kulihitaji safari za Dar, na hewa ya chumvi ya Mtwara mjini, walikohamia kwa muda, iliharibu waya wa nje mara moja. Tulimfundisha mama kukausha kifaa kila usiku kwenye kopo lenye vidonge vya kunyonya unyevu. Chanjo ya nimonia ilikamilishwa, kwa kuwa mwenye kipandikizi ana hatari zaidi ya kuugua tena homa ya uti wa mgongo.

Mtaalamu mmoja aliwaambia wazazi waache Kimakonde ili mtoto asichanganyikiwe. Tulipingana naye waziwazi. Bibi ndiye anayeshinda na Z kutwa, na bibi anaongea Kimakonde. Mtoto anayejifunza kusikia anahitaji sauti nyingi za mtu anayempenda, kwa lugha ambayo mtu huyo anaimudu.

Mwaka mmoja baada ya kuwashwa, Z anageuka akiitwa kwa nyuma kwenye chumba tulivu, anafuata maagizo mafupi bila ishara, na ana maneno ya lugha zote mbili. Bado yuko nyuma ya wenzake wa umri wake. Anatembea, ingawa gizani anashika mkono wa mtu.

Uchambuzi

CT ya pili ilifanyika mwaka huohuo kutathmini sikio la kulia. Nimeziweka picha mbili za kulia kando kwa kando, ya wiki ya saba na hii. Kwenye ya kwanza mzunguko wa msingi ni kijivu, safi. Kwenye ya pili ni mfupa mweupe, na mtu asiyejua asingeamini kulikuwa na kijia pale. Kama familia ingesubiri Oktoba kwa kutegemea CT ya kwanza, hata kushoto pengine kungekuwa hivi.

Kwa hiyo kilichofanya kazi zaidi, kwa maoni yangu, ni MRI iliyoombwa wakati kila mtu alikuwa na sababu ya kutulia. Inayofuata ni ile simu ya jioni. Mtaalamu wa mionzi hatajwi kwenye ripoti yoyote ya Z, lakini bila saa zake mbili za ziada timu ya Dar ingepokea filamu tu.

Kilichoshindikana kikubwa kilitokea kabla hata hatujamwona. Mtoto aliyepona homa ya uti wa mgongo anatakiwa apimwe usikivu kabla ya kuruhusiwa, au ndani ya wiki nne tangu awe na hali ya kupimwa. Z alipoteza wiki tano, na kati yake moja ambayo mama alisema kwa mdomo wake kwamba mtoto haitiki. Kipimo cha OAE kinachukua dakika chache. Pasipo mashine, rufaa inatosha, na swali moja kwa mama: alikuwa anatembea, sasa je?

La pili ni maneno ya karatasi. "CT ya kichwa" ni ombi jingine kabisa. Tunaloandika sasa ni hili: CT ya mifupa ya masikio pande zote mbili, vipande visivyozidi milimita 0.6, kichujio cha mfupa, faili zote kwenye CD. Mtoto aliugua homa ya uti wa mgongo tarehe fulani, anafikiriwa kipandikizi cha koklea. Kwa MRI: picha za pande tatu za majimaji ya sikio la ndani, vipande vyembamba kadiri mashine inavyoruhusu, na mkato wa mishipa kwenye mfereji wa sikio, swali ni kama koklea bado ina majimaji. Tarehe ya ugonjwa ni muhimu kuliko maneno mengine yote hapo, maana ndiyo inayomwambia msomaji wa picha kwamba "hakuna mfupa mpya" haimaanishi salama.

Fedha sina suluhisho lake. Naweza kusema tu kwamba ombi la msaada lilipoanza kuambatana na picha ya MRI na maelezo ya wiki zilizobaki, lilijibiwa upesi kuliko barua ya kwanza iliyosema mtoto ni kiziwi na anahitaji kifaa.

Kuhusu sikio la kulia, wazazi wameelezwa kwamba bado linawezekana: kuchonga mfupa na kuweka waya mfupi, au waya uliogawanyika mara mbili kwa ajili ya koklea iliyoziba, kwa matarajio madogo kuliko ya kushoto na hatari kubwa kidogo kwa mshipa wa uso. Wameomba maoni ya timu ya pili kabla ya kuamua. CD za CT zote mbili na MRI zimeshatumwa.